Aliyekuwa Akigonga Bomba la Khuwair

Siku yangu ya kwanza kazini, Ruwi, mjini Maskati, sikupewa spana wala koleo. Mkuu wa Matengenezo, mzaliwa wa Unguja kama baba yangu, alinikabidhi fimbo ya chuma yenye kikombe cha shaba kwenye ncha. "Chuma weka juu ya bomba, kikombe weka sikioni," akanambia. "Na mdomo ufunge. Msikilizaji mwenye domo hasikii kitu." Basi ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu: kusikiliza maji yanayovuja chini ya ardhi. Nyinyi mlioko kazini leo mna mashine zenye skrini, mnabonyeza tu. Haya, bonyezeni.

Tukisikiliza saa za qailula, baada ya adhuhuri, maduka yamefungwa, watu wamelala, hakuna anayefungua mfereji wa jikoni. Ruwi yote kimya, jua limesimama utosini, kivuli chako umekikanyaga mwenyewe. Bomba linalovuja hulia kama birika linalokaribia kuchemka. Vali isiyofungwa sawasawa huunguruma. Na zilikuwako sauti nyengine ambazo Mkuu hakunifundisha majina yake. Hizo nikizisikia nikisoma dua na kusogea mbele.

Nikahamishiwa Qurayyat, chini ya Msimamizi wa Kituo, mtu wa hasira za karibu. Huko ndiko nilikojiaibisha. Nilisikia mvujo mbele ya nyumba za watu, nikaapa kabisa, barabara ikachimbwa siku nzima, tukakuta mchanga mkavu. Kumbe ni mashine ya barafu ya wavuvi, mtaa wa pili! Msimamizi akanambia mbele ya kila mtu, "Sikio lako wewe litiwe kufuli." Jina la Bwana Kufuli likanifuata mpaka Maskati. Niliumia, sisemi uongo.

Miaka yangu ya mwisho ilikuwa Khuwair ya Kusini, hapo hapo Maskati, kwenye mradi wa bomba kuu la zamani. Mabomba mapya ya maji ya kunywa yalishalazwa kwengine, na lile kongwe la chuma, pana la kumtosha mtu kupita akiinama, likapewa kazi mpya: kupeleka maji machafu yaliyosafishwa kwenda kumwagilia miti ya barabarani. Likakaushwa, likakwanguliwa kutu, likapakwa rangi ndani. Meneja wa Mradi alikuwa na sharti moja siku ya kulitia maji: vali haifunguliwi mpaka msikilizaji atie saini kwamba ndani kimya.

Nikaweka fimbo. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

"Ndani mna mtu," nikasema.

Meneja akafungua daftari la wanaoingia na kutoka. "Wote wametoka, mzee wangu. Saini zao hizi hapa."

Daftari lile nnalijua mimi. Ili wasipange foleni juani, mafundi wetu wakitia saini ya kuingia na ya kutoka kwa pamoja, asubuhi, na mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka. "Usihesabu saini," nikamwambia, "hesabu vichwa." Vikahesabiwa. Vikatimia.

"Chuma kinatanuka kwa joto, Bwana Kufuli!" akasema fundi mmoja, wakacheka.

Meneja hakucheka, alitazama saa. "Wakubwa wanangoja kule mwisho wa laini. Tia saini."

Wallahi nilitamani kutia. Nilibakisha wiki chache nistaafu, na sikutaka kuchekwa tena. Lakini ile ko, ko, ko ilikuwa ikipanda kwenye fimbo mpaka kwenye meno yangu. Nikakaa juu ya gurudumu la vali. "Basi mnibebe," nikasema.

Wakafungua chemba ya karibu, ambayo mfuniko wake ulikazwa nati alfajiri ile. Fundi akaingia na tochi, akarudi amemshika mtu mkono. Alikuwa mlinzi wa jengo la jirani, mtu mzima, wa Mombasa. Chumbani kwao hakulaliki kwa joto, na ndani ya bomba kuna baridi, basi akitoka zamu akiingia humo kulala. Hakuna aliyemjua, wala hakuna daftari lililokuwa na jina lake.

Watu wakapiga takbiri. Meneja akanikumbatia, machozi yanamtoka. Mimi nikampa yule bwana maji ya kunywa, nikamwambia, "Umefanya vyema kugonga. Ungenyamaza, sasa hivi ungekuwa maiti."

Akanikodolea macho. "Kugonga? Mzee, mimi sijagonga kitu. Nilikuwa nimelala fofofo. Ni tochi ya huyu ndiyo iliniamsha."

Nikashikwa na baridi, kwenye jua lile! Nikaomba bomba likaguliwe lote. Mafundi wawili wakapita ndani mwanzo hadi mwisho, wakarudi: hamna mtu, hamna hata panya. Nikaweka fimbo tena.

Ko, ko, ko.

"Sasa kimya?" Meneja akaniuliza. Alikuwa akinitazama kwa imani, na mafundi wote vilevile. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo katika kazi ile. Niseme nini tena? Niwaambie bado?

"Kimya," nikasema. Nikatia saini.

Vali ikafunguliwa. Fimbo sikuiondoa. Maji yalipoanza kusukuma, ile ko, ko, ko ikaharakisha, ikawa haina nafasi baina yake, kisha ikakatika.

Sasa nimestaafu. Miti ya Khuwair imestawi, watu wanaketi chini yake na watoto wao. Mlinzi yule hunipigia simu kila Idi, ananiita baba. Na kila ninakokwenda naambiwa, "Mashaallah, wewe ndiye uliyemwokoa mtu." Naitikia, nafanyaje? Wananiuliza habari za yule niliyemtoa. Yule aliyekuwa akigonga hakuna anayeniuliza, na mimi ndiye niliyesema kimya.