Wimbo Ulionipita Nikisinzia

Ijumaa ile nilishavaa soksi mbili mbili, nimejifunga kitenge juu ya sweta, namwomba Mungu mtu asinigongee mlango. Nilikuwa nimefundisha tangu asubuhi na kusahihisha madaftari ya kidato cha pili mpaka macho yanawasha. Na baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba haina adabu hata kidogo. Mlango ukagongwa.

Alikuwa rafiki yangu wa Iringa, fundi cherehani, niliyelala naye kitanda kimoja cha bweni, yeye juu mimi chini, miaka minne. Mkononi ana mfuko wa njegere, mwilini kavaa koti refu la marehemu mume wake. Hatukuwa tumeonana tangu mume azikwe, miezi minane nyuma.

Niseme ukweli: sikwenda kuzika. Nilipiga simu kutoa rambirambi, nikasema nasimamia mitihani. Mitihani ilikuwepo, lakini ruhusa ningepewa, sikuiomba. Nilichoka tu. Niliwaza basi la kwenda na kurudi, kulala chini sebuleni na wanawake wenzangu, kukoroga ugali kwenye masufuria makubwa, nikajiambia nitakwenda kutoa pole baadaye. Baadaye hiyo haikufika. Kwetu unaweza kukosa harusi ya mtu na mkacheka. Msiba haukoswi.

"Vaa," akaniambia hata hajakaa. "Kuna vijana wa kwetu wanapiga muziki hapa mjini leo."

"Leo? Mwenzangu, mimi hoi. Tupike hizo njegere tulale."

"Anayeimba ndiye aliyeimba siku ya kumzika mume wangu. Mume wangu ndiye aliyemfundisha gitaa, pale uani kwetu. Naye kijana akamtungia wimbo. Kaburini hukufika, mwalimu. Basi njoo uusikie."

Nikavaa.

Ilikuwa uani kwa mgahawa mmoja wa kahawa: viti vya plastiki, majiko ya mkaa mawili watu wameyazunguka, bango lililoandikwa kwa mkono. Tuliambiwa saa mbili. Mpaka saa nne kasoro bado wanasema "moja, mbili, moja, mbili" kwenye kipaza sauti, na mimi miguu imekufa ganzi. Vijana wenyewe wanne, magitaa mawili, ngoma na marimba ya vidole, hawana mfadhili wala meneja, wanapiga nyimbo zao wenyewe. Hakuna aliyezijua. Baba mmoja nyuma yetu, kila wimbo ukiisha, anapaza sauti, "Pigeni tunazozijua bwana!" Kijana wa gitaa akacheka: "Mzee, ukizisikia mara mbili utazijua."

Walikuwa wazuri, siwanyimi haki yao. Lakini uchovu hauna heshima kwa msanii. Rafiki yangu alikaa wima, mikono ndani ya mifuko ya lile koti, hata chai hakuigusa.

"Bado?" nikamuuliza.

"Bado. Wanauweka mwisho."

Nikaegemeza kichwa begani kwake, kidogo tu, nikapata joto la lile koti. Nilichoshtukia ni makofi. Watu wamesimama, yule baba wa nyuma anajifuta macho, na kijana anaweka gitaa chini.

"Ndio ulikuwa wenyewe?"

Akatoa bega lake. "Umelala," akasema.

Nyumbani nikamtandikia kitanda changu shuka safi, yeye akakaa ukingoni na koti lake.

"Siku zile za msiba wamekuja watu hata siwafahamu," akasema. "Wamelala sebuleni kwangu, wamenishika. Kila mlango ukifunguliwa nageuka, nadhani ni wewe."

"Ile mitihani ilikuwa kisingizio. Sikuomba ruhusa. Nilichoka."

"Najua. Anayesimamia mtihani hapigi simu saa nne asubuhi, akaongea robo saa nzima."

Jamani, niliona aibu! Miezi minane alikuwa anajua, na alipanda basi akaja na njegere.

Nikamwambia ainuke. Nikalishika godoro, nikalivuta mpaka sebuleni, nikasukuma meza na viti ukutani kama tunavyofanya mtu akifiwa. Akasimama mlangoni ananitazama.

"Unafanya nini?"

"Nimekuja msibani. Nimechelewa."

Halafu akaja akalala, na koti lake vilevile. Nikamwomba aniimbie ule wimbo. Aliimba kwa ile sauti yake ya pili ya kwaya ya shule, pole pole, ubeti wa kwanza, wa pili. Wa tatu, pale jina la mume wake linapotajwa, ukamshinda.

Hapo mimi nikalia. Nililia kwa sauti, kama mwanamke anavyolia akiingia kwenye uwanja wa wafiwa, na yeye akanipokea, tukashikana. Sikukumbuka kuwa ni usiku, wala kwamba kuta za nyumba yetu ni nyembamba.

Jirani alikuja mbio, akagonga dirisha. "Mwalimu! Kuna nini huko? Mmefiwa?"

Rafiki yangu akanitangulia kujibu, palepale chini kwenye godoro.

"Ndiyo, mama," akasema. "Tumefiwa."