Kisima cha Mzee wa Kondoo

Aibu hii naiandika polepole (shule niliishia darasa la nane, na mbele za watu ulimi wangu huwa mzito), lakini wenzangu hapa Riyadh, mtaa wa Murabba, wameisimulia na kuipotosha vya kutosha, basi na mimi niseme nilivyoiona.

Bosi wangu hununua kondoo wa Australia, wanaoshushwa bandarini Jeddah. Siku hiyo muuzaji wao, mzungu mzee, alikuja ofisini Riyadh, nami nikaambiwa niwamiminie wageni kahawa. Mzee akasimulia mji wao wa utotoni, ambao hajarudi miaka mingi: barabara moja, mto unaokauka kisha unafurika ghafla, wachimba dhahabu wakaja wakaondoka, reli ikafungwa, wakabaki kondoo. Mdogo wake alipotelea huko utotoni, wakamtafuta mtoni, hakuonekana hadi leo. Kisha akanigeukia, akauliza kwa Kiingereza, "Wewe hujawahi kufika kwetu, au sivyo?"

Nikajibu, "Yes." Sisi ukiulizwa hujafika, na kweli hujafika, unasema ndiyo. Kumbe kwao nimesema nimefika!

Mzee akasimama. "Kengele ya shule bado ipo?"

Ningekana pale pale, lakini bosi alikuwa akinitazama kwa fahari, nikaona haya, nikajibu nikiwaza kwetu Kenya (kwetu pia wazungu walichimba dhahabu wakaacha mashimo) kwamba ipo, na upepo ukivuma hulia yenyewe.

Mzee akabadilika rangi. "Na kisima nyuma ya shule?"

"Kimezibwa kwa mbao."

"Kwa nini?"

"Kuna mtoto ndani." Cha kwetu kilizibwa kwa sababu hiyo, nami sikuwa na jibu lingine.

Mzee akampigia dada yake, akaweka spika. "Kuna kijana hapa amefika kwetu. Anasema mdogo wetu yuko kisimani, chini ya mbao."

Hapo Barasa, dereva wa bosi, Mkenya mwenzangu, akashindwa kuvumilia. "Wewe dogo, Australia ulienda lini, na pasipoti iko kwa kafili, mdhamini wako?" Akamgeukia bosi. "Bosi, huyu mafi Australia, hajafika! Anadanganya!"

"Ni kweli?" bosi akauliza.

"Sijafika, bosi. Nilikosea kujibu." Na birika likaniponyoka, kahawa yote ikaishia kwenye kanzu nyeupe ya bosi. Wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu, bosi akafoka, "Halas, basi! Toka nje!", nami nikawa natafuta viatu vyangu mlangoni huku machozi yananitoka.

Ndipo simu, ambayo haikuwa imekatwa, ikatoa sauti ya yule dada, bibi kizee.

"Nani amemwambia huyo kijana?"

Kicheko kikakatika. Mzee akakaa chini, kwenye zulia.

Sasa nalinda geti, kahawa simimini tena, na Barasa huniita Mwaustralia kila akipita. Nacheka naye. Lakini kisima cha kwetu sitakitaja tena mbele ya mgeni, maana sijui visima huambiana nini.