Jina la Kwanza Kwenye Daftari la Mahudhurio

Usiku ule nililala na hasira, na mama yangu alishanionya tangu utotoni kwamba anayelala na hasira hulala na wageni. Siku zote nilidhani ni maneno ya kunitisha nimalize ugali. Kumbe mgeni huja kweli.

Nianze na mchana wake, ili hasira yangu ieleweke. Mimi ni fundi wa majokofu hapa Masasi, na nilikuwa nimepewa kazi ya kuwafundisha mafundi wenzangu namna ya kuachana na gesi za zamani, zile zinazopanda juu na kulila tabaka la ozoni linalotukinga na ukali wa jua. Darasa lilikuwa la siku tano, katika chuo cha ufundi. Walikuja watu kumi na mmoja, wote wakubwa kwangu, na wote tulifundishwa na mtu mmoja, marehemu Fundi Issa Chilumba. Alikuwa na karakana nyuma ya soko, pengo la jino la mbele, na tabia ya kutuchapa vidole kwa mpini wa bisibisi tukikosea.

Fundi Issa alikuwa na desturi yake. Kabla ya kulitengeneza jokofu bovu, alikata ule mrija mdogo wa kujazia gesi, akainamisha shingo upande wa kushoto, sikio kwenye mrija, akafumba macho na kuiacha gesi itoke fyuuu mpaka iishe. Kwa mlio ule alijua kama ilikuwa pungufu au imezidi. "Iacheni ipumue," alisema, "itawaambia inaumwa nini." Sisi tulisimama kimya kama watu walioko msibani. Mpaka leo, ukitaka kujua kama fundi wa Masasi alipita kwa Issa, mtazame shingo.

Basi siku ile ya kwanza nilileta jokofu kuukuu la bucha, nikamwomba Kaka Mrope aanze. Mrope ndiye mkubwa wetu. Ndiye aliyemuuguza Fundi Issa mpaka mwisho, akashuka kaburini kumpokea. Akatoa koleo lake, lile alilorithi kwa mzee Issa, akalisogeza kwenye mrija. Shingo zote kumi na moja zikainama kushoto.

"Usikate, kaka," nikasema. "Gesi hii haitolewi nje tena. Tunainyonya kwa mashine, tunaifungia kwenye mtungi."

"Kwa hiyo mzee alikuwa anakosea?" akaniuliza taratibu.

Ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo haukuwa na adabu pia. Ningeweza kusema kwamba zamani hatukujua, kwamba elimu haina mwisho. Badala yake nikasema, "Ndiyo. Alikosea, na sisi tukakosea nyuma yake."

Mrope akafunga begi lake la spana. "Mimi sikai darasa la kumtukana marehemu," akasema, akatoka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, nikabaki mimi na jokofu la bucha. Wasiporudi kesho yake, darasa limekufa, na gesi ya Masasi nzima itaendelea kwenda juu. Lakini nisidanganye, kilichoniuma zaidi hakikuwa darasa. Niliona nimemtukana mtu aliyenipokea karakanani wakati mafundi wengine walisema mwanamke hawezi kunyanyua kompresa. Nilijikasirikia, nikamkasirikia Mrope, nikamkasirikia hata marehemu kwa kufa kabla ya kuyajua haya mambo mapya.

Hivyo ndivyo nilivyolala.

Nikajikuta nyuma ya soko, mchana mweupe. Karakana ipo palepale, na majokofu yamepangwa hadi barabarani, yote milango wazi, na yote yanapumua. Milango inakwenda na kurudi polepole. Fundi Issa amekaa juu ya kreti la soda, kofia yake ya bluu kichwani, anafuta mikono kwa kitambaa. Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Hakuitikia, na moyo wangu ukaniambia amekasirika.

"Umechelewa darasani," akasema, "na mwalimu ni wewe."

Nainua mguu kuingia karakanani, naushusha kwenye sakafu ya chuo. Sijui tumefikaje. Madawati matupu, isipokuwa la mbele, na hapo amekaa yeye, magoti yamegonga ubao wa dawati, daftari la shule mkononi. Nahisi utosi unaniwaka. Naangalia juu: paa limetoboka. Mabati yameng'oka huku na huku, jua linaingia kwenye matundu na kutuchoma. Jokofu moja linapumua, fyuuu, na bati jingine linachomoka, linapaa, linapotea.

Fundi Issa anayatazama matundu. Uso wake hauna hasira hata kidogo. Una huzuni, na sikuwahi kumwona na huzuni hata alipokuwa hoi kitandani.

"Haya mabati nimeyang'oa mimi," anasema, "moja moja, nikidhani nasikiliza."

Anasimama. Anakwenda kwenye jokofu la bucha, koleo mkononi, shingo tayari imeinama kushoto. Nataka kusema usikate, sauti haitoki. Naona tu kwamba mkononi nina bisibisi. Sikufikiri. Nikamchapa vidole kwa mpini.

Hofu niliyoipata sijawahi kuipata tena. Anavitazama vidole vyake. Ananitazama mimi. Halafu anacheka, pengo lote nje, mpaka kofia inamdondoka.

"Hapo sasa," anasema.

Na anajifunza. Nakuonyesha hivi, Mwalimu, mpira huu wa kunyonyea gesi unakuja hapa, geji hii ya kupima presha unaifungua taratibu, mtungi unakaa juu ya mizani usije ukajaa kupita kiasi. Anarudia baada yangu kama mtoto wa chekechea. Mashine inaanza kunguruma, gesi inaingia mtungini, na yeye anainamisha shingo yake, sikio kwenye mtungi, anafumba macho. Hapo juu naona bati linarudi. Linatua mahali pake, misumari inajipigilia yenyewe. Linarudi la pili. Nikigeuka, madawati yamejaa mafundi niwajuao na nisiowajua, kila mmoja na mtungi wake, na mabati yanatua kila upande mpaka kivuli kinatushukia utosini. Nalia kwa furaha, nasema wazi, nalia kamasi zinanitoka, na Fundi Issa ananipa kile kitambaa chake chenye mafuta ya kompresa.

Akainama kwenye daftari langu la mahudhurio, akagonga kidole mstari wa juu kabisa.

"Niandike hapa. Aliyetangulia kukosea, atangulie kujifunza."

Nikaamka kwa kishindo. Mkono wangu ulikuwa unapiga godoro, na mume wangu ameketi ananikodolea macho.

"Unampiga nani?"

"Nimemchapa Fundi Issa."

"Naye amefanyaje?"

"Amecheka," nikasema, nikainuka kutafuta kalamu nimwandike.

Asubuhi chuoni sikumkuta mtu. Nilikaa peke yangu na daftari mpaka Mrope akatokea mlangoni. Alikuwa amefuata koleo la mzee, alilolisahau juu ya jokofu. Nyuma yake, kwenye geti, wenzake walikuwa wamesimama, hawaingii wala hawaondoki. Sikumwomba akae. Nilifungua daftari, nikasoma kwa sauti ya kuwafikia walio nje.

"Issa Chilumba."

Mrope, koleo tayari mkononi, aligeuka kwa ghadhabu. Nikamsimulia ndoto yote, paa na mabati na vidole, bila kuongeza chumvi. Alilishika koleo mikononi, hakulitia begini.

"Ulimchapa?"

"Nilimchapa, kaka. Na jana nilisema vibaya. Naomba radhi."

"Akacheka?"

"Akacheka."

"Pengo lilionekana?"

"Lote."

Midomo ya Mrope ikatetemeka, sikujua kama ni kicheko au kilio, nadhani hata yeye hakujua. Akawapungia mkono wale wa getini. Waliingia wakakaa, na dawati la mbele hakulikalia mtu, ingawa hakuna aliyekatazwa.

"Soma tena," akasema Mrope.

"Issa Chilumba."

"Yupo," akaitikia Mrope, na wote kumi wakaitikia nyuma yake.

Kisha tukalizunguka jokofu la bucha. Mrope ndiye aliyefunga mpira, akafungua geji taratibu. Mashine iliponguruma, shingo zote ziliinama kushoto, yangu pia, kuusikiliza mtungi. Gesi yote iliingia humo, na darasani hakuna aliyesikia fyuuu.