Mwanya wa Mama

Mwezi uliopita nilikaa kwenye kiti cha daktari wa meno, hapa hapa Lubumbashi, mdomo wazi na taa usoni. Kilichonipeleka ni damu niliyokuwa nikitema kila asubuhi nikipiga mswaki. Daktari alipitisha chuma chembamba kati ya meno na fizi, akafika kwenye meno mawili ya mbele, ya juu, akasimama.

“Mama, ii mwanya ulizaliwa nayo, ao ilikuya sasa?”

Nilimjibu kwamba ulikuja wenyewe, mwaka jana hivi, na kwamba mume wangu anaupenda sana. Hakucheka.

“Haiko mwanya, mama. Njo gencive, ii fizi, iko mugonjwa. Meno inaanza kutembea.”

Nilifunga mdomo, rafiki yangu, na hapo hapo nikamwona mama katika ua wetu wa zamani, mtaa wa Makomeno, akicheka mbele ya watu.

Ua ule ulinuka makala, yaani makaa ya kupikia, na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Baba alifanya kazi kwenye karakana ya reli, kama babu aliyeshuka na familia yake kutoka kaskazini mwa Katanga. Mama alitwanga, alifua, alisonga bukari, ugali wetu, na Jumapili aliongoza sauti ya kwanza katika chorale, kwaya ya parokia. Kazi zote alizifanya akiimba. Tukirudi shuleni na vumbi jekundu hadi magotini, tulimsikia kabla hatujafika kona ya nyumba, na njaa yetu ikaongezeka.

Mama aliolewa akiwa na meno yaliyobanana. Kwetu mwanamke mwenye nafasi kati ya meno mawili ya mbele ndiye anayeitwa mzuri. Mtoto wa kike akiota meno, wanawake huinama kuchungulia kama Mungu amemkumbuka. Mama hakukumbukwa. Na baba hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kurudi kutoka kazini, kula na kunyamaza. Mkewe alipita mbele yake na sahani, na macho ya baba yalibaki kwenye sahani.

Kisha, mama akiwa mtu mzima na watoto tayari, meno yale yakaanza kuachana. Aliyeona wa kwanza ni jirani yetu, mwanamke wa kicheko kikubwa aliyeshona nguo mlangoni pake. Aliita majirani wote.

“Mukuye muone. Mama iko na mwanya sasa. Mungu hakumusahau.”

Baba naye alitazama. Jioni ile alisogeza kiti chake karibu na mbabula, lile jiko letu la makala, akamwambia mama acheke tena. Mama akacheka. Baadaye alimletea kitenge kipya na wala haikuwa sikukuu, na akaanza kukaa karibu naye akipika, akimwuliza habari za chorale ambazo hakuwahi kuzijali. Sikudanganyi, ulikuwa mwaka mzuri. Nimeubeba utu uzima wangu wote kama mwaka bora wa nyumba yetu, na sasa najua tulikuwa tukishangilia ugonjwa.

Na kila kitu kilikuwa wazi, mbele ya macho yetu. Asubuhi mama alitema maji mekundu kwenye beseni, na fizi zake zilikuwa zimevimba, zinang'aa. Jirani, kwa upendo, alimpa shauri: “Wacha kusugua fasi inatoka damu, utajiumiza.” Basi mama akaacha kupiga mswaki mbele, akawa anapangusa tu kwa kitambaa na chumvi. Daktari wangu ameniambia ni kinyume kabisa. Ukoga unakaa kwenye ukingo wa ufizi, unagandamana hadi unakuwa mgumu kama jiwe, ufizi unavimba na kuukimbia. Pale panapotoka damu ndipo panapohitaji zaidi mswaki, mswaki laini, asubuhi na usiku.

Meno yake yalionekana marefu, nasi tukasema mama ana meno mazima. Kabla ya mazoezi ya chorale alitafuna tangawizi, kwa kuwa kinywa kilinuka hata baada ya kusukutua. Msimu wa mahindi mabichi alituchomea, akatugawia hadi lake, akisema ameshiba. Alikuwa na njaa. Hakuweza kung'ata, na sisi tuligombea hindi lake. Wala hakulalamika, kwa sababu hakuna kilichouma, na ugonjwa huu mara nyingi hauumi mpaka umechelewa. Isitoshe, kwetu mtu alikwenda kwa daktari wa meno shavu likiwa limevimba, kung'olewa. Nani angekwenda huko eti kwa sababu amependeza?

Jino la kwanza lilitoka ndani ya tonge la bukari, mchana, tukiwa tunakula. Mama alilitazama kiganjani, akalifunga kwenye ncha ya kitenge, akaendelea kutugawia mboga. La pili likafuata kabla ya mvua. Kwenye chorale alirudi mstari wa nyuma, maana upepo ulikuwa unavuja katika maneno, kisha akaacha kwenda. Jirani alishona akiwa ameinamisha kichwa. Baba akarudisha kiti chake kilipokuwa. Mama alipofikishwa hospitali hatimaye, kazi iliyobaki ilikuwa kung'oa tu.

Mimi nimesafishwa hadi chini ya fizi, upande mmoja kwanza, mwingine baadaye. Nimepimwa sukari, kwa sababu kisukari na ugonjwa wa fizi husaidiana kuharibu. Kila baada ya miezi michache nitarudi kusafishwa. Mfupa wa taya ulioliwa na ugonjwa haurudi, lakini meno yaliyobaki yanaweza kukaa. Mswaki laini, uzi wa kupitisha kati ya meno, mkono wa mtu anayejua kazi. Hasira yangu inatoka hapo, kwamba dawa yake ilikuwa jambo dogo hivyo.

Ua wetu umegawanywa, matofali yamesimama tulipokuwa tukitwanga. Jirani alikufa. Chorale ina wanawake wengine, na ile sauti ya kwanza iko katika vichwa vya watu wachache ambao nao wanapungua.

Jumapili nilikwenda kuwaona wazazi katika vyumba viwili vilivyobaki. Baba alikuwa nje juani, akiwasimulia wajukuu, kama kawaida yake, jinsi mkewe alivyopata mwanya. Ndani, nikamweleza mama kila kitu alichosema daktari. Aliweka kijiko chini. Alifunika mdomo kwa kiganja, ingawa tulikuwa wawili tu.

“Kumbe ilikuwa ugonjwa?”

“Ndiyo, mama. Na ilikuwa na dawa.”

Alisikiliza sauti ya baba kule nje mpaka akamaliza hadithi yake.

“Usimuambie baba yako,” akasema. “Njo ule mwaka moja tu alikuwaka ananiangalia.”