Sauti Inayoanzia Kwenye Nyayo

Naona haya kusimulia, lakini nikinyamaza sitapata usingizi. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya misheni hapa Elisabethville. Kuimba nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kimoja kilichochakaa. Humo nilisoma kwamba mtu huimba kwa mwili mzima, kuanzia nyayo. Basi kwenye kila zoezi niliwaamuru waimbaji wavue viatu, walegeze magoti, wapumue kwa tumbo.

Monsenyeri, askofu wetu, alipokuja kututembelea, niliwakusanya waimbaji tangu asubuhi. Mupe, padri wetu, alikuwa amenionya: tukiimba vibaya, kwaya atapewa mwingine. Nikawavulisha wote viatu, nikawapanga nyuma ya mabenchi ili miguu isionekane. Waliimba vizuri mno. Monsenyeri akafurahi, akawaita mbele, akasema anataka kuona viatu alivyowaletea kutoka Ulaya. Mimi siku zote nilidhani ni Mupe aliyevinunua.

Wakajipanga juu ya zulia, miguu mitupu. Mupe akaiva uso.

“Banaume, viatu yenu iko wapi?”

Kalenga, mwimbaji wa besi, akajibu bila wasiwasi: “Mwalimu anatukatazaka, Mupe. Anasema sauti inaanziaka mu kisigino.”

Monsenyeri akanitazama taratibu, kutoka kichwani hadi chini. Kwaya nzima ikayafuata macho yake. Kwa kuogopa kuonekana mshamba mbele ya mgeni, mimi peke yangu nilikuwa nimevaa viatu, tena nimeving'arisha mara tatu.