Maili za Mtoto

Mume wangu alipopata ile kadi ya benki inayompa mtu maili za ndege kila anaponunua kitu, aligeuka mtu mwingine. Kabla ya hapo alikuwa mwanamume wa kulipa taslimu na kudai chenji mpaka ya mwisho. Sasa hata mkate haukununuliwa mpaka kadi iguse mashine. Watu wa kwetu walioko Dubai walimjua upesi. Mtu akitaka friji, au tiketi, au simu ya kumtumia mama yake, alimwita mume wangu dukani. Yeye alipitisha kadi, akachukua pesa za mwenzake mkononi, na siku hiyo hiyo akazirudisha benki asije akatozwa riba. Mwenzake alipata friji, sisi tukapata maili. Hakuna aliyeibiwa. Nilimtania kwamba amekuwa mwenye duka asiye na duka, naye alicheka tu, maana wote wawili tulijua maili zile zilikuwa za nani.

Zilikuwa za mtoto wetu. Nilimwacha kwa mama yangu Nakuru akiwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya, na sasa alikuwa anakwenda shule. Mimi nasimamia wasafishaji wa vyumba katika hoteli moja ya Al Garhoud, karibu na uwanja wa ndege. Mume wangu alikuwa msimamizi wa zamu kwenye ghala kule Jebel Ali. Mishahara yetu ilitosha kodi, karo na kile cha kutuma nyumbani, basi. Tiketi mbili za kwenda na kurudi wakati wa likizo ya shule hatukuziweza, kwa sababu mashirika ya ndege nayo yanajua vizuri shule zinafungwa lini. Hoteli yetu hujaa wahudumu wa ndege. Nilikagua mashuka ya watu wanaokwenda Nairobi na kurudi kama mtu anayekwenda sokoni, na kuna siku niliwachukia bila kosa lolote.

Mpango wetu ulikuwa mmoja tu: maili zikitosha, mtoto aje na mama yangu, wakae nasi Agosti nzima. Mwaka ule zilikuwa zimetosha. Mtoto alikuwa ameshaambiwa, na kwenye simu hakuzungumzia kitu kingine.

Tuliishi Dubai Investments Park, katika nyumba ambayo sebule yake tulikuwa tumeikata kwa mbao ili tumpangishe mwenzetu. Mwenzetu huyo alikuwa dada wa kwetu, mdogo kwangu kidogo, aliyefanya kazi ya nyumbani kwa madam mmoja mpaka mkataba ukaisha. Madam akamfutia viza, khalas, imekwisha, naye akawa anatafuta kazi nyingine kabla siku zake za kukaa hazijaisha. Alikuwa na mdomo. Mimi nikirudi kazini nimenuna, aliniambia, "Dada, uso huo uache mlangoni na viatu." Nikiwa zamu ya jioni, yeye ndiye aliyezungumza na mtoto wangu kwenye simu, wakachekeana mpaka mama yangu akalalamika kwamba mtoto halali. Nilimwonea wivu kidogo kwa hilo. Nilimpenda pia, zaidi ya baadhi ya ndugu zangu wa damu, na sioni haya kusema.

Alianza kuvimba miguu. Akasema ni joto, ni kusimama sana, ni viatu vya bei rahisi. Kisha uso nao ukavimba, na kupanda ngazi ikawa ni kupumzika kila hatua. Hospitali wakamwambia ni figo, zote mbili. Walimtibu ile dharura, wakamtoa. Viza ilikuwa imefutwa, kwa hiyo bima haikuwepo, na bila bima matibabu ya kila wiki hapa ni ya watu wengine. Alitaka jambo moja tu: kurudi kwao, kwa mama yake, atibiwe huko au afie huko. Alilisema hivyo hivyo, kwa utulivu, akila chapati.

Niliandika kwenye kundi letu la simu, lile la watu wa kwetu. Nilieleza kila kitu na kuomba mchango wa tiketi na wa kuanzia matibabu. Julai tiketi zilikuwa zimepanda, lakini kundi lina watu wengi, nikajua haitachukua siku mbili. Nikaletewa picha za mikono ya kuomba. Pole dada. Mungu ni mwema. Tunakuombea. Watu watatu walituma kitu, mmoja wao akiwa mlinzi Mganda ambaye hata si wa nchi yetu na mshahara wake naujua. Nilikasirika mpaka nikaogopa hasira yangu. Sisi watu wa kwetu mgonjwa hatumchangii vizuri, tumezoea vibaya. Mgonjwa hana tarehe. Leo yupo, kesho yupo, kila mtu anasema mshahara ukiingia.

Basi nikamwambia mume wangu tumpe maili.

Alikuwa anapiga pasi sare yake, akaendelea kuipiga mahali pamoja mpaka nikaogopa itaungua. Kisha akasema, "Mama, hizo ni za mtoto."

"Najua ni za mtoto."

"Tukitoa hata za tiketi moja, Agosti hawaji. Na mpaka Desemba hazitakuwa zimetosha tena. Unanielewa? Hawaji mwaka huu."

"Huyu naye ni mtoto wa mtu."

Tuligombana kwa kunong'ona, maana kati yetu na mgonjwa palikuwa na ubao tu. Mwisho wake yeye ndiye aliyechukua simu, akatafuta kiti, akampatia nafasi siku ya Jumanne. Mume wangu ana moyo mzuri, ila hufika akiwa amechelewa, kama basi la kampuni. Mimi nikapewa kazi ya kumpigia mtoto. Nilimwambia Agosti imeahirishwa. Hakulia. Alisema, "Sawa, mum," kwa sauti ya mtu mzima aliyezoea kuahirishiwa mambo, na ningeona afadhali alie.

Jumanne ile mwenzetu alijipaka rangi ya mdomo. Alivaa blauzi ya kanisani na viatu vya mume wangu, kwa sababu vyake havikuingia tena. Tulimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka kaunta. Msichana wa kaunta alichukua pasipoti, akatabasamu, kisha akamtazama vizuri na tabasamu likapotea.

"Madam, are you okay?"

"I am very okay," akajibu mwenzetu, lakini alilisema kwa vipande, akivuta pumzi kati ya neno na neno.

Akaitwa mkubwa wa zamu. Mkubwa akaomba barua ya daktari ya kuruhusu kusafiri. Hatukuwa nayo, wala hatukujua kwamba ipo. Tukapelekwa kwa daktari wa uwanja wa ndege, akamsikiliza kifua, akambana kidole na kile kimashine cha kupima hewa mwilini, akatikisa kichwa. Mume wangu alimwomba kwa Kiingereza, kisha kwa Kiarabu chake cha ghalani. Hata sijui alitegemea nini. "Sir, akizidiwa angani tutafanyaje?" alisema mkubwa wa zamu. Alikuwa na haki kabisa, na nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Ndege iliondoka. Masharti ya tiketi ya maili yanasema asiyepanda hazirudi, na hazikurudi.

Teksi ilifika barabara kuu. Mwenzetu akasema, "Nimekula maili za mtoto wa watu na hata juisi sijapewa." Tulicheka, sisi sote watatu, na dereva wa Kipakistani akatutazama kwenye kioo. Nilicheka huku machozi yananitoka. Sijawahi kucheka vile tena.

Alifariki wiki iliyofuata, hospitalini, asubuhi, nikiwa kazini nahesabu taulo.

Mume wangu aliandika kwenye kundi mistari miwili tu. Kabla ya saa sita mchana simu yake haikunyamaza. Wale wa mikono ya kuomba walituma pesa. Watu ambao sikuwajua walituma pesa. Wanawake wa kundi wanaokaa Garhoud walikuja na chai na mandazi, wakakaa sakafuni kwetu wakiimba nyimbo za kanisani, na kila mmoja alikuwa na la kusema kuhusu ukarimu wa marehemu. Niliwapa vikombe. Nilikuwa na maneno mengi ya kuwaambia, yote mabaya, nikayameza na chai yangu. Maiti ana tarehe, ndiyo tofauti. Maiti hangoji mshahara.

Wakala wa kusafirisha maiti alitaka alipwe kabla ya kuanza kazi: dawa, jeneza, makaratasi, na mzigo wa ndege, ambao hulipiwa kwa kilo. Michango ilikuwa bado inaingia kidogo kidogo. Mzee mmoja wa kundi akamwambia mume wangu, "Wewe lipa na kadi leo, sisi tutakurudishia mpaka shilingi ya mwisho." Na walirudisha kweli, siwasingizii. Mume wangu akaenda kupitisha kadi. Nilikuwa naye. Mashine ililia kama inavyolia tukinunua mchele.

Alisafiri na shirika lile lile, kwenda Nairobi. Safari hii hakuna aliyeuliza kama anapumua vizuri.

Mama yake alinipigia baada ya mazishi kunishukuru. Alinishukuru sana, akanibariki, akanibarikia na uzao wangu. Nilikaa chooni hotelini na simu sikioni nikisema asante mama, amina mama, mpaka zamu yangu ikaanza kunitafuta.

Siku chache baadaye mume wangu alinionyesha simu yake. Mwezi ule benki ilikuwa inatoa maili mara mbili kwa malipo makubwa, na malipo yale yalikuwa makubwa kuliko yote aliyowahi kufanya. Maili tulizopoteza zilikuwa zimerudi, na nyingine juu yake. Pia watu wawili walikuwa wameghairi safari, na viti vya Agosti vilikuwepo, viwili, vimekaa pamoja.

"Nizifanye nini?" akauliza.

"Zitupe."

"Hazitupwi."

Nikasema tumpe mama yake marehemu. Akaniuliza mama yake asafiri kwenda wapi. Nilikaa kitandani nikijitafutia sababu ya kukataa iliyo kubwa kuliko mtoto wangu. Sikuipata. Nikamwambia akate tiketi.

Walikuja. Siwezi kudanganya kwamba sikufurahi. Mtoto alitoka kwenye milango ya wanaowasili akiwa mrefu kuliko alivyokuwa kwenye simu, akanipa mkono kama mgeni wa heshima, na mama yangu akamsukuma mgongoni akisema, "Wee, si huyu ndiye mama yako?" Baada ya siku tatu alikuwa ananiitia kila kitu, ananionyesha kila kitu. Aliuliza anti wa simu yuko wapi, mama yangu akamjibu kabla yangu kwamba alikwenda kwa Mungu, naye akakubali. Nilimwogesha kila jioni japo ana umri wa kujiogesha. Usiku nilikwenda kumwangalia akilala.

Jumapili moja tulimpeleka kwenye ibada yetu, ile ya ukumbi wa kukodi. Baada ya ibada, soda zikigawiwa, mwanamke mmoja wa kundi alimshika mtoto shavu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe marehemu ametuletea wageni!" Wenzake wakatazama chini. Nilitaka kumzaba kofi. Sikumzaba, kwa sababu hakuwa amesema uongo, na kwa sababu mwanangu alikuwa amemshukuru kwa heshima akidhani ni salamu.

Agosti iliisha. Tuliwapeleka uwanja wa ndege sisi wote wawili, tukiwa tumebadilishana zamu na watu. Mama yangu alikuwa anapanga upya mzigo wake wa mkononi, blanketi kwanza, sufuria juu. Simu ya mume wangu ikatetemeka, akaisoma, akanipa niisome. Kundi. Kijana wa kwetu, mlinzi wa Jebel Ali, amekutwa asubuhi amefariki kitandani kwenye kambi ya wafanyakazi. Hana kafeel, mdhamini wa viza, wa kuaminika, kampuni yake haishiki simu. Wanaomba wakala alipwe leo.

Mume wangu alinitazama. Nilimjua yule kijana kwa sura, aliwahi kutubebea gunia la unga. Nilitaka kumwonea huruma kwanza. Nasema ukweli, nilitaka huruma ndiyo itangulie, kabla ya hesabu ya maili.

Mtoto alikuwa amenishika sketi kwa mikono yote miwili. "Mum," akauliza, "nitakuja tena lini?"

"Desemba," nikamwambia.