Vibakuli vya Jumanne

Mpaka leo nikiona choroko zimeota kwenye gunia huwa nageuza uso. Watu wa hapa Bariadi wakikuta choroko zimeota wanajua jambo moja tu: maji yameingia stoo, mali imeharibika, wape kuku. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Siku ya kwanza nilipokuta sufuria chini ya meza ya jikoni, imefunikwa kitambaa kibichi, na ndani choroko zimetoa vimkia vyeupe, nilizibeba zote nikawamwagia kuku. Kisha nikamsema mke wangu kwa uzembe. Hakubishana nami. Alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia nimewalisha kuku chakula chetu cha jioni.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, Bariadi bado ikiwa Mkoa wa Shinyanga. Mimi nilikuwa karani wa pamba wa chama cha ushirika. Kazi yangu ilikuwa kuingiza mkono kwenye mafurushi ya wakulima na kutenganisha pamba safi na pamba fifi, na nilijivuna kwamba hakuna aliyewahi kunipiga chenga kwa kuficha mchanga katikati. Halafu wakaja wanunuzi binafsi na malori yao. Wao walizoa yote kwa pamoja, safi na fifi, alimradi lori lijae. Ushirika ukalegea, na msimu mmoja hatukuitwa kazini. Nikabaki nyumbani na hasira zangu, nikigombana na redio.

Mnunuzi mmoja alikuwa anajenga kinu cha kuchambua pamba nje ya mji, akaleta mafundi watatu kutoka China waje kufunga mashine. Mafundi walihitaji mpishi, na mke wangu akaenda kuomba kazi hiyo. Sikufurahi, lakini sikumkataza, maana mtu asiye na kazi akikataza kazi anachekesha. Alikwenda kuwapikia wali na kuku. Baada ya mwezi mmoja wao ndio waliokuwa wakimfundisha yeye kupika.

Siku ya Jumanne alikuwa pia akiwafulia nguo, hivyo alirudi jua limeshazama, hana nguvu za kusonga ugali. Ndipo alipoanza kutupikia chakula cha mafundi. Alichemsha mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kwenye viwanda vya minofu kule Mwanza, akatia tangawizi iliyopondwa, kisha akachuja supu mpaka ikawa nyepesi kama chai. Tambi alizichemsha pembeni. Katikati ya mkeka, jikoni, alipanga vibakuli vidogo vya plastiki: kabichi iliyokatwa nyembamba, choroko zilizoota, karanga zilizotwangwa, mayai ya kuchemsha, kitunguu majani, ndimu, pilipili, na kichupa cha sosi nyeusi ya soya alichopewa na mafundi. Mtu alipewa tambi na supu, akajiwekea mwenyewe anachokitaka. Watoto wetu wawili wadogo walikipenda chakula hicho kupita kiasi. Mmoja alijaza karanga tupu. Mwingine alikamua ndimu mpaka akakunja uso, halafu akakamua tena.

Mimi nililalamika. Kwetu mtu asipokula ugali hajala, hata kama tumbo limejaa. Nikasema mbele ya wote kwamba hiki ni chakula cha wagonjwa. Neno lile natamani ningelimeza siku ile ile.

Tena nililalamika bila hata kukaa kwenye mkeka ule. Kwetu baba alikula sebuleni, peke yake au na wageni wake wa kiume, na mama alikula jikoni na watoto. Bakuli langu lililetwa kwenye sinia, limefunikwa sahani, limeshachanganywa kila kitu. Alikuwa akinichagulia yeye, kwa sababu mume hatumwi kuchota mboga. Na lilikuwa tamu, sitasema uongo. Nilinung'unika, nikala, nikakwangua, nikachungulia kama kuna lingine linakuja.

Jumanne moja alisimama mlangoni akaniambia, "Baba, njoo ukae nasi leo. Utamu wa hiki chakula ni kuchagua."

"Mimi nilishachagua siku nilipokuchagua wewe," nikamjibu.

Nilijiona nimesema neno la maana sana. Akacheka, akatikisa kichwa, akarudi jikoni. Nikaendelea na redio yangu.

Mwaka wa pili wa Jumanne zile tumbo lilianza kumsumbua. Alilichukulia kama mchezo, na mimi nikafurahi kulichukulia kama mchezo, mpaka siku mafundi wenyewe walipomrudisha nyumbani kwa gari lao. Hospitali wakasema kuna uvimbe, utolewe Mwanza, lakini damu yake ni ndogo mno kwa upasuaji. Wakasema ale. Ale vizuri wiki mbili tatu, damu ipande, ndipo asafirishwe. Basi kupona kwa mke wangu kukawa kunategemea kitu kimoja tu, kwamba ale, na chakula kilikuwa hakipiti.

Mama yangu alikuja kutoka Ngulyati na maziwa na jogoo. Akapika uji, akapika mlenda, akachemsha yule jogoo mpaka nyama ikaachia mifupa. Mke wangu alionja kwa heshima ya mkwe, kisha akageukia ukutani. Sisi tukaendelea kumuamulia mambo yake. Tuliamua dirisha lifunguliwe au lifungwe, anywe dawa ya nani, nani aingie kumwona na nani asubiri nje. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa maamuzi hayo yote. Sikumbuki hata mara moja nilipomuuliza yeye.

Ijumaa moja jioni yeye mwenyewe akasema, "Baba, loweka choroko. Jumanne zitakuwa tayari. Natamani vibakuli vyangu."

Niliruka kama mtoto. Nikaziloweka usiku huo, kesho yake nikamwaga maji na kuzifunika kitambaa kibichi, na kila asubuhi nilichungulia sufuria kabla sijanawa uso. Mama alikataa kuzigusa. Alisema mbegu iliyoota ni ya shambani, hawezi kumpa mgonjwa. Jumanne aliponiona nimekaa jikoni nakatakata kabichi alisimama akishika kiuno.

"Ng'wanawane," aliniita mwanangu kwa Kisukuma, "ukijifunga na kitenge cha mkeo uniambie, nirudi Ngulyati nikawaeleze wamekufa wanaume wote Bariadi."

Nilicheka, lakini iliniuma. Mwalimu wangu alikuwa binti yetu mkubwa, wa miaka kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyejua tangawizi inaingia lini na tambi zinatoka lini. Hata hivyo zilinilegea. Nikajikata kidole. Nilipomaliza, nikafikiria namna ya kumheshimu mke wangu, na heshima niliyoijua ilikuwa moja. Nilichukua bakuli kubwa kuliko yote, nikatia tambi, supu, kabichi, choroko, mayai mawili, karanga konzi nzima, kila kitu. Nikachanganya vizuri, nikafunika kwa sahani, nikaweka kwenye sinia. Nilitaka apelekewe chakula kama mimi nilivyokuwa napelekewa.

"Baba, si umpelekee vibakuli?" binti yangu akauliza.

"Mgonjwa hatumpi kazi," nikasema.

Mke wangu aliinuka kidogo kitandani alipoona sinia. Alifunua sahani, akaangalia, akairudisha juu ya bakuli polepole.

"Umeshachanganya," akasema.

"Nimekuchanganyia vizuri kabisa. Kula, mama."

"Nilitaka nichague."

Hasira zangu huwa hazibishi hodi. Nilimwambia nimeshika kisu, nimechekwa na mama yangu mzazi, nimejikata kidole, halafu yeye ananiletea habari za kuchagua kama yuko hotelini. Nikamwambia ale. Nilisema kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Akachukua kijiko, akala vijiko vitatu bila kuniangalia, machozi yakidondokea humo humo. Haikupita muda akatapika vyote. Nikatoka uani nikapiga ndoo teke, na mama akanifuata mpaka mlangoni.

"Umemfokea mtu anayeumwa," akasema, akarudi ndani kumfuta.

Sikulala vizuri. Jumatano jioni nikaanza upya. Choroko zilikuwa zimebaki. Safari hii nilivijaza vibakuli vyote, nikavipanga kwenye sinia kubwa, nikaiweka kitandani mbele yake. Binti yangu akamwegemeza kwenye mito. Mimi nikatandika mkeka chini, nikakaa na watoto, mara yangu ya kwanza. Nilimwomba msamaha mbele yao. Akasema yameisha.

Aliangalia vibakuli kwa muda mrefu, kimoja kimoja. Kisha akashika kijiko. Hakukubali kusaidiwa. Akaweka kabichi nyingi. Akaweka choroko. Yai moja. Kitunguu majani kidogo. Karanga hakugusa, na moja iliyoangukia humo aliitoa kwa kucha. Pilipili ncha ya kijiko. Ndimu alikamua mara mbili, sosi matone machache. Mimi nilikuwa namfuata kwa macho, nimejaa furaha. Nilijiambia atakula, damu itapanda, wiki ijayo tuko Mwanza. Nilijiambia pia kwamba sasa nimejua anavyopenda, sitasahau tena.

Akakoroga. Halafu akalishika bakuli kwa mikono miwili, akanisogezea mimi.

"Kula, Baba. Hili ndilo lako."

Nikaonja. Lilikuwa ndilo. Lilikuwa lile lile lililonijia kwenye sinia Jumanne zote zile, na sikuwa nimewahi kujua limewekwa nini ndani. Muda wote ule sikuwa nimegundua kwamba lilikuwa halina karanga.

"Na lako?" nikauliza.

"Nitajiwekea. Wewe kula kwanza."

Nilikula. Sikujua namna ya kukataa. Aliniangalia mpaka nikamaliza, kama mtu anayekagua kazi yake. Nilipoweka bakuli chini akasema amechoka, alazwe. Alikunywa supu tupu, vijiko viwili, akalala. Choroko zake zikabaki kwenye kibakuli mpaka asubuhi.

Alifariki Ijumaa ya wiki iliyofuata, gari la kwenda Mwanza likiwa limeshapatikana.

Miezi ilipita kabla sijathubutu tena. Mafundi walikuwa wamemaliza kazi na kwenda zao, wakatuachia chupa mbili za sosi. Mama alikuwa bado anaishi nasi, na Jumanne hiyo alikuwa amekwenda Ngulyati msibani. Nikaloweka choroko siku nne kabla. Nikachemsha mapanki. Nikatandika mkeka, nikapanga vibakuli, nikawaita watoto. Wadogo walirukia vijiko vyao, karanga huku, ndimu kule, kama zamani. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikasikia kicheko ndani ya nyumba ile.

Nilitaka kuweka bakuli moja la mke wangu pale tulipokaa. Wazo la kijinga labda, lakini nilikuwa nalitaka. Nikashika kijiko, nikakwama, maana siku ile ya Jumatano alikuwa amenionyesha la kwangu, hakunionyesha la kwake. Nikamgeukia binti yangu, ambaye alikula naye kwenye mkeka ule miaka yote.

"Mama yako alikuwa anaweka nini kwenye lake?"

Akainamisha macho.

"Alikuwa anatengeneza lako kwanza, baba. Halafu wadogo wanajiwekea. Wakimaliza, mimi na mama tunakusanya yaliyobaki."

"Na choroko?"

"Choroko mara nyingi zilikuwa zimeisha."

Nililia mbele ya watoto wangu, na sikujali. Nilikuwa karani niliyejisifu kwa macho makali, na nyumbani mwangu sikuona kitu. Jumanne ile alipotaka kuchagua, nilidhani ananiletea deko la mgonjwa. Kumbe ndiyo ingekuwa mara yake ya kwanza kukuta vibakuli vimejaa. Mimi nikamletea vimeshachanganywa, nikamfokea, na kesho yake alipovikuta vimejaa, akanichagulia mimi.

Nilipofuta uso niliona binti yangu ameshashika bakuli langu. Alikuwa anaweka kabichi, anakamua ndimu mara mbili, na sahani ya kufunikia ilikuwa tayari pembeni yake. Nikamshika mkono, nikalichukua bakuli, nikavisogeza vibakuli vyote karibu naye.

"Leo anza wewe," nikamwambia. "Weka unachopenda."

Akashika kijiko. Akaangalia kabichi, akaangalia mayai, akaangalia choroko. Kijiko kikabaki hewani muda mrefu.

"Sijui napenda nini, baba," akasema.